Wiki Moja kwa Miguu Kwenye Vilima vya Irangi: Jinsi ya Kuipanga

Ukipanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, vibanda vya kulala vipo, njia imekanyagwa na wapagazi wanajua maji yalipo. Vilima vya Irangi, wilayani Kondoa, mkoani Dodoma, havina hata kimoja kati ya hivyo. Hakuna alama zilizopakwa kwenye miti wala kambi rasmi. Kilichopo ni njia za miguu zinazounganisha kijiji na kijiji, njia za mifugo, na barabara za vumbi ambazo lori hupita wakati wa mavuno. Mtu mwenye wiki moja anaweza kuziunganisha zikawa safari ya milimani iliyonyooka, mradi akubali jambo moja: katika Kanda ya Kati, ratiba hupangwa na maji. Kilomita hufuata.

Wengi hufanya kinyume. Huchukua kilomita 100, hugawanya kwa siku saba, kisha hutafuta maji yatakapopatikana. Hapo ndipo siku ya tatu inaishia kwenye mto wa mchanga mkavu, jua linazama, na chupa zina nusu lita.

Njia yenyewe

Mstari unaofaa kwa wiki ni Kondoa mjini, Haubi, Pahi, Kolo, halafu kaskazini hadi Bereko. Unaanza mashariki ya mji, unapanda kwenye vilima, unazunguka hadi Kolo iliyo kwenye barabara kuu, kisha unafuata uwanda wa juu na ukingo wa Bonde la Ufa hadi karibu na mpaka wa mkoa wa Manyara. Ukipita njia za miguu, jumla inakaribia kilomita 100, nayo inatosha kwa siku saba zenye mzigo. Faida yake kubwa ni kwamba barabara ya lami ya Dodoma hadi Babati haiwi mbali sana upande wa magharibi. Mtu akiumia, au kundi likichoka, kuna pa kutokea.

Mwenye nguvu zaidi hutamani kuunganisha na Mlima Hanang, wenye urefu wa zaidi ya mita 3,400. Usiunganishe katika wiki hiyohiyo. Hanang ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, ina taratibu zake na waongozaji wake kutoka mji wa Katesh, na inastahili safari yake peke yake.

Chora njia kwenye karatasi za ramani za kipimo cha 1:50,000, zile za Idara ya Upimaji na Ramani. Katika kipimo hicho sentimita mbili ni kilomita moja. Nyingi ni za zamani. Kontua, yaani mistari ya mwinuko, na mabonde bado yapo palepale, lakini makazi mengi yalihamishwa wakati wa Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, na barabara mpya hazimo. Kwa hiyo soma umbo la ardhi kwenye karatasi, na vijiji vya leo kwenye ramani ya simu uliyoipakua kabla ya kuondoka. Pale vitu viwili hivyo visipokubaliana, weka alama ya kuuliza na uitatue kwa kuwauliza wenyeji.

Jihadhari hasa na makorongo. Sehemu kubwa ya ardhi hii ilimomonyoka vibaya, hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza mwaka 1973, ukafikia hatua ya kuondoa mifugo yote mwaka 1979 katika eneo la takriban kilomita za mraba 1,256. Uoto umerudi sana tangu hapo, ila makorongo yaliyochimbika hayajafukiwa. Njia inayoonekana fupi kwenye ramani, kilomita mbili tu, inaweza kukukutanisha na ukuta wa udongo mwekundu wenye kina cha nyumba. Usishuke kwa kuparamia, kwa sababu udongo wa kingo hizo humeguka. Fuata ukingo hadi pale mifugo inapovukia.

Majira

Mvua za huku ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Wakati bora ni kuanzia mwisho wa Mei hadi Julai: chemchemi bado zina maji, jua si kali, na mito ya mchanga inavukika. Usiku wa Juni na Julai ni wa baridi kweli huko juu, wakati mwingine chini ya nyuzi 10, na upepo hauna huruma. Anayekuja kutoka Dar es Salaam na shuka moja atajuta.

Agosti bado inafaa. Septemba na Oktoba ni joto, vyanzo vingi vimekauka, na moto wa nyika umeenea. Novemba ndiyo hatari iliyojificha: mvua ya kwanza ikinyesha mbali milimani, mto wa mchanga uliokauka miezi sita unaweza kushuka na maji mengi kwa dakika chache, nawe hukuona hata wingu. Kwa sababu hiyo usipige hema mchangani mwezi wowote, hata kama panavutia kwa ulaini.

Maji

Kabla ya safari tengeneza orodha ya vyanzo, si zaidi ya kilomita 10 kati ya kimoja na kingine. Viandike kwa aina, maana kila aina ina namna yake ya kukuangusha.

Kilula cha kijiji, yaani bomba la umma la kuchotea maji, ndicho cha kuaminika, lakini kina saa zake. Pampu ya sola haisukumi alfajiri, na tangi hukauka jioni foleni ikiwa ndefu. Fika kabla ya saa 9 alasiri, lipa kama wanavyolipa wenyeji kwa ndoo, na simama kwenye foleni. Kisima cha pampu ya mkono huharibika na kukaa bila matengenezo, kwa hiyo kihesabu kuwa nusu ya chanzo. Chemchemi za vilimani ni nzuri hadi Julai. Visima vya mchangani, vile wanavyochimba akina mama kwenye mito mikavu, hutoa maji yaliyochujwa vizuri na mchanga, lakini mifugo hunywa papo hapo. Omba kuchota kwenye kisima kilichozungushiwa miiba, au omba ruhusa uchimbe chako hatua kadhaa upande wa juu.

Kuuliza nako kuna ufundi. Usiulize, "Huko mbele kuna maji?" Utajibiwa ndiyo, kwa ukarimu. Uliza, "Mwezi huu mnachota wapi?" Vivyo hivyo kwa njia: usinyooshe kidole na kuuliza kama inakwenda Pahi, uliza njia ya Pahi ni ipi, halafu acha mwenyeji anyooshe mwenyewe. Na umbali usiuulize kwa kilomita. "Hapo tu" inaweza kuwa saa tatu. Uliza, "Nikitoka sasa na mzigo huu, jua litakuwa wapi nikifika?" Mzee atatazama begi lako, atatazama juu, na atakupa jibu linaloaminika kuliko simu. Salamu itangulie, na shikamoo kwa anayestahili. Anayeanza na swali hujibiwa kwa ufupi.

Kiasi: nusu lita kwa kila saa ya kutembea asubuhi yenye ubaridi, na robo tatu hadi lita nzima jua likiwa kali. Ongeza lita mbili na nusu za kupikia, kunywa jioni na uji wa asubuhi. Siku ya kawaida mtu mmoja hutumia lita tano hadi sita, ila huhitaji kuzibeba zote kwa pamoja kama chanzo kipo katikati. Ukilazimika kulala pasipo na maji, hesabu kuanzia chanzo cha mwisho hadi kile cha kesho: saa zilizobaki leo, usiku, na asubuhi nzima inayofuata. Kwa kawaida inafika lita saba au nane, yaani kilo saba au nane mgongoni. Panga usiku wa namna hiyo mara moja tu katika wiki, na uwe siku ambayo chakula kimeshapungua. Beba chupa mbili za lita moja na nusu, pamoja na vidumu laini vinavyokunjika vya jumla ya lita tano.

Maji yote yasiyochemshwa yatibu kwa vidonge vya klorini. Yaliyochafuka yapitishe kwanza kwenye kitambaa safi kilichokunjwa mara nne, kwa sababu klorini huishia kwenye tope na kuacha vijidudu. Soma pakiti ya vidonge: vingi vya madukani vimetengenezwa kwa ndoo ya lita 20, na ukitumbukiza kimoja kwenye chupa ya lita moja utakunywa kitu kisichonyweka. Tafuta vya ujazo mdogo, au tibu maji ya kundi zima kwenye ndoo ya kuazima kijijini. Subiri nusu saa. Kuchemsha, yakitokota kwa dakika moja yanatosha. Hata mahali pa juu kabisa, dakika tatu zinatosha.

Kugawa siku

Jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi na kuzama karibu saa 12 na nusu jioni. Kati ya saa 6 na saa 9 mchana hapatembeki kwa raha. Kwa hiyo siku halisi ya mwendo ni asubuhi, na alasiri ni akiba.

Hesabu ya mwendo: kilomita tatu na nusu kwa saa ukiwa na mzigo, ongeza saa moja kwa kila mita 300 za kupanda, kisha dakika 10 za kupumzika kwa kila saa. Chukua siku ya kilomita 14 yenye kupanda mita 450. Mwendo ni saa nne, kupanda saa moja na nusu, mapumziko karibu saa moja. Jumla saa sita na nusu. Ukitoka saa 12 na nusu asubuhi unafika saa 7 mchana. Kama hesabu ya siku inapita saa nane, igawanye. Usijidanganye kwamba mtakuwa wepesi zaidi siku hiyo.

Siku ya kwanza iwe fupi, kilomita 10 au pungufu, kwa sababu mabegi ni mazito na mikanda bado haijakaa sawa. Siku ya pili na ya tatu zipande kuelekea Haubi na kushuka Pahi. Siku ya nne iishie Kolo mapema, mchana ubaki kwa michoro ya miambani na kununua chakula. Ya tano na ya sita ndizo ndefu, kuelekea kaskazini. Ya saba ikuache Bereko kabla ya saa 6, mabasi yakiwa bado yanapita. Halafu tenga siku ya nane ambayo haimo kwenye ratiba. Anayerudi kazini Jumatatu asubuhi akamaliza safari Jumapili jioni atalazimisha mwendo siku ambayo hakupaswa kutembea.

Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu mwaka 2006. Huendi kwenye mapango peke yako: lipa na uchukue mwongozaji kwenye ofisi ya Kolo. Usilale ndani ya pango, usiwashe moto humo, wala usimwagie mchoro maji ili rangi ing'ae kwenye picha. Mongomi wa Kolo, mojawapo ya mapango hayo, bado ni mahali pa tambiko, na wenyeji wakiwa na shughuli yao, ahirisha.

Ruhusa

Hii ndiyo sehemu inayovunja safari nyingi, wala si milima. Kundi la wageni lenye mabegi makubwa na hema huleta maswali, na ni haki ya wenyeji kuuliza. Anzia ofisi ya wilaya Kondoa, wiki mbili kabla, ukiwa na barua yenye majina ya watu wote, namba za vitambulisho, vijiji mtakavyopita na tarehe. Kila kijiji mtakacholala, nenda kwa mtendaji au mwenyekiti kabla ya kupiga hema. Onyesha barua, sema mnakoelekea kesho, na uliza pa kulala. Mara nyingi utaelekezwa kwenye uwanja wa shule au ua wa ofisi, na huko ni salama kuliko msituni. Kwenye msitu wa hifadhi omba kibali cha Wakala wa Misitu mapema. Mapori ya akiba yaepuke kabisa. Swagaswaga na Mkungunero yako upande huuhuu, na kuingia humo bila kibali ni kosa.

Kati ya kijiji na kijiji chukua kijana wa mahali hapo awaongoze. Mpatane malipo kabla ya kuanza, yakiwa pamoja na nauli au muda wake wa kurudi, na umlipe kwa fedha taslimu. Beba noti ndogondogo; mtandao wa simu hupotea mabondeni na wakala wa kijiji anaweza kuwa hana salio.

Idadi bora ni watu wanne. Mmoja akiumia, mmoja hubaki naye na wawili huenda kutafuta msaada.

Mzigo

Begi lisizidi robo ya uzito wako. Mtu wa kilo 65 ana nafasi ya kilo 16 hivi: vifaa visivyoliwa kilo nane, chakula cha siku nne kilo mbili na nusu, maji kilo tano. Pima kwenye mizani ya dukani kabla ya safari, maji yakiwa ndani.

Katika kilo nane hizo mna hema la kugawana wawili, godoro jembamba la sponji, blanketi zito au mfuko wa kulalia, sweta, koti la upepo, kofia pana, tochi ya kichwa, sufuria moja na sanduku la dawa. Hema lisipokuwa na wavu mzima, ongeza chandarua, malaria ipo. Begini weka vyombo vizito karibu na mgongo, kati ya mabega na kiuno. Maji yakikaa chini kabisa yatakuvuta nyuma kila unapopanda.

Buti mpya zivae angalau wiki tatu kabla. Dodoma mjini panda kilima cha Mlimwa mara mbili kwa wiki ukiwa na chupa za maji begini, na ukifika juu yamwage. Magoti yatakushukuru wakati wa kushuka. Viatu vya pili viwe katambuga au yeboyebo za kuvaa kambini. Miiba ya migunga hupenya soli laini, hivyo mchana usibadilishe.

Lengelenge halianzi ghafla. Kwanza kuna joto mahali pamoja, kisha muwasho. Simama hapohapo, vua, kausha, bandika plasta ya kitambaa. Anayesema "tutaangalia tukifika" ndiye kesho yake anashikiwa begi.

Chakula

Gramu 600 hadi 650 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku zinatosha, pamoja na utakachonunua vijijini. Mfano: unga wa ulezi gramu 80 na sukari 30 kwa uji, karanga za kukaanga 100, zabibu kavu za Dodoma 60 na biskuti 100 njiani, jioni sembe au mchele 200, dagaa 40, mafuta 20. Mlenda mkavu hauna uzito na unaokoa ugali. Maharage yaache nyumbani, yanakula moto saa mbili. Beba cha siku nne, kisha jaza upya Kolo.

Mtungi wa gesi, hata mdogo, ni chuma cha kubeba bure. Jiko la spiriti ni jepesi: mililita 30 hivi huchemsha nusu lita, likizibiwa upepo kwa mawe. Spiriti iweke kwenye chupa isiyofanana na ya maji, uiandike kwa maandishi makubwa, kwa kuwa ni sumu. Kuni msituni usikate. Mara nyingi mtendaji atakuonyesha jiko la mama mmoja mtakayemlipa apike, na hilo ndilo bora kuliko yote.

Yanayoharibika

Kuharisha ndilo tatizo la kawaida. Pakiti za ORS, mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini, ziwe nane kwa kundi. Zikiisha: lita moja ya maji salama, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Ukizidisha chumvi unamdhuru mgonjwa.

Nyoka wa kuhofia zaidi ni kifutu, kwa sababu hakimbii. Hulala njiani na hukanyagwa. Tembea na tochi usiku, hata kwenda chooni. Mtu akiumwa, asitembee, vueni pete na viatu, funga kiungo kwenye kijiti kisicheze, mpelekeni hospitali. Usichanje, usinyonye, usikaze kamba.

Nyuki hawapendi manukato wala kelele karibu na mizinga, na mizinga imetundikwa kila mahali kwenye miombo. Wakichafuka, funika uso ukimbie, usijitupe chini. Fisi hawagusi hema lililofungwa, lakini buti la ngozi lililoachwa nje huenda nalo. Moto wa nyika ukikufuata usipande mlima, kwa sababu moto hupanda haraka kuliko mtu. Ingia kwenye eneo lililokwisha kuungua.

Mwachie mtu mmoja mjini ratiba, majina ya watendaji na saa ya kupiga simu kila jioni. Mkubaliane: simu moja ikikosekana asihofu, mbili mfululizo apigie kijiji mlichotakiwa kulala. Namba ya dharura ni 112. Mkifika Bereko, mpigieni kwanza kabla ya kupanda basi, vinginevyo jioni hiyo mtendaji mmoja atatoka na tochi kuwatafuta watu walio tayari Dodoma wanakula chipsi.